IBN AL-NAFIS: TABIBU ALIYEUSOMA MOYO UPYA



Ndugu msomaji, pengine unasoma ukurasa huu baada ya tarawehe, au unangoja adhana ya magharibi huku harufu ya sambusa ikikujia kutoka jikoni. Vyovyote vile, tunamshukuru Allah (S.W.) aliyetufikisha tena kwenye mwezi huu mtukufu. Katika kurasa hizi tumezoea kukuletea maisha ya wema waliotangulia. Safari hii hebu tumtazame mtu ambaye vijana wengi hawamjui hata kwa jina, na ilhali kila siku madaktari wanatembea kwenye njia ambayo yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuionyesha. Ni Ibn al-Nafis, tabibu wa Damascus na Kairo.

Nakuomba usome mpaka mwisho. Mwishoni kuna jambo linalokuhusu wewe, baba yako na mama yako, hapa hapa Illasit.

KIJANA WA SHAM

Jina lake kamili ni Ala al-Din Ali ibn Abi al-Hazm al-Qurashi. Alizaliwa karibu na Damascus, nchi ya Sham, yapata mwaka 1213. Zama zile hazikuwa za raha. Vita vya Msalaba vilikuwa bado vinaendelea, na kutoka mashariki Wamongolia walikuwa wanakuja. Mwaka 1258 waliivunja Baghdad, na miaka miwili baadaye wakasimamishwa Ayn Jalut, kule Palestina. Yaani huyu kijana alikua na akazeeka katika dunia iliyokuwa inawaka moto. Lakini hakusema eti angoje amani ije ndipo asome.

Alisomea utabibu katika Bimaristani ya al-Nuri mjini Damascus. Bimaristani ndiyo hospitali ya zama hizo. Wagonjwa walitibiwa humo, na humo humo wanafunzi wakafundishwa mbele ya vitanda vyao. Mwalimu wake alikuwa al-Dakhwar, tabibu mashuhuri aliyefariki mwaka 1230. Tena Ibn al-Nafis hakusoma utabibu peke yake. Alisoma lugha, mantiki, hadithi na fiqhi ya madhehebu ya Imamu Shafi, haya haya ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tumeyakuta kwa wazee wetu. Baadaye alihamia Kairo, na huko akawa anafundisha fiqhi katika madrasa ya al-Masruriyya huku akitibu wagonjwa hospitalini.

Kijana mwenzangu, liangalie hilo vizuri. Leo tunawatenganisha watoto wetu: huyu wa madrasa, huyu wa sayansi. Yeye alikaa katika vikao vyote viwili na hakuona ajabu.

KOSA LA MIAKA ELFU MOJA

Sasa tuje kwenye kazi iliyomfanya akumbukwe. Mwaka 1242, akiwa na umri wa kama miaka 29 tu, aliandika sherehe ya sehemu ya maumbile ya mwili katika kitabu cha al-Qanun cha Ibn Sina. Ibn Sina alikuwa amefariki mwaka 1037 na kitabu chake kilikuwa ndicho mama wa vitabu vya tiba. Ibn Sina naye, katika habari za moyo, alimfuata kwa kiasi kikubwa Jalinus, tabibu wa Kigiriki wa karne ya pili.

Jalinus alisema hivi: damu inatoka chumba cha kulia cha moyo na kuingia chumba cha kushoto kwa kupenya vitundu vidogo visivyoonekana, vilivyomo katika ukuta wa katikati. Watu walilipokea neno hilo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Nani angebishana na Jalinus na Ibn Sina kwa pamoja?

Ibn al-Nafis alibishana, kwa adabu lakini bila kuuma maneno. Alieleza kwamba ukuta ule ni mnene na hauna vitundu, si vya kuonekana wala vya kufichika. Damu, akasema, hutoka chumba cha kulia ikaenda kwenye mapafu, ikachanganyika huko na hewa, kisha ndipo ikarudi chumba cha kushoto na kusambazwa mwilini. Huo ndio mzunguko wa damu wa mapafu tunaofundishwa shuleni. Huko Ulaya, Servetus aliuandika mwaka 1553 na Colombo mwaka 1559. Harvey wa Uingereza akaeleza mzunguko wote wa damu mwaka 1628. Sherehe ya Ibn al-Nafis iliwatangulia kwa karne tatu na zaidi.

BOMBA KUBWA NA BOMA LISILO NA MAJI

Lakini kuna jambo la pili katika kitabu kile ambalo halitajwi sana, nalo ndilo kiini cha makala haya. Ibn Sina alidhani kwamba moyo unapata chakula chake kutokana na damu iliyojaa ndani ya vyumba vyake. Ukifikiri haraka unaona ni sawa. Moyo umejaa damu, basi utakosaje kushiba? Ibn al-Nafis akasema hapana. Moyo unalishwa na damu inayopita katika mishipa iliyotandazwa ndani ya nyama yake wenyewe.

Wewe mtu wa Kajiado huna haja ya mfano wa mbali. Unalijua bomba la Nolturesh linalochukua maji kutoka miteremko ya Kilimanjaro kwenda mbali, mpaka Machakos na Athi River. Bomba kubwa linaweza kupita mbele ya boma, maji yakanguruma ndani yake usiku na mchana, na mama wa boma hilo asipate hata mtungi mmoja mpaka awe na bomba lake dogo. Moyo ni hivyo hivyo. Unasukuma damu ya mwili mzima, unapiga kiasi cha mara 100,000 kwa siku, lakini wenyewe unakunywa kwa mishipa yake midogo tu.

Basi mshipa mmoja kati ya hiyo ukizibwa na mafuta na damu iliyoganda, nyama ya moyo iliyo mbele yake inakosa hewa ya oksijeni. Huo ndio mshtuko wa moyo. Baada ya kama nusu saa seli za kwanza zinaanza kufa. Saa zikipita, kifo hicho kinaenea kama moto wa nyasi kavu, na nyama ya moyo ikishafa haioti tena kama ilivyokuwa.

MAJI YAKIRUDI KWENYE MFEREJI MKAVU

Kwa muda mrefu madaktari hawakuwa na njia ya kuuzibua mshipa ule. Mgonjwa alilazwa, akapewa dawa ya maumivu na kuombewa dua. Mambo yalibadilika karne iliyopita. Mwaka 1977, mjini Zürich, Uswisi, daktari Andreas Grüntzig alipitisha mrija mwembamba wenye puto dogo mpaka ndani ya mshipa wa moyo wa mgonjwa aliye macho, akalijaza puto na kuupanua mshipa. Mwaka 1986 utafiti mkubwa wa Italia, wenye wagonjwa zaidi ya 11,000, ulionyesha kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inaokoa maisha, na kadiri inavyotolewa mapema ndivyo inavyookoa wengi zaidi.

Je, mambo yakaisha hapo? La. Kukajitokeza fumbo. Tangu mwaka 1960 mtafiti wa Marekani, Robert Jennings, na wenzake walikuwa wameshaona katika mioyo ya mbwa kwamba damu inaporudi, baadhi ya nyama ya moyo inaharibika kwa namna ya peke yake. Yaani dawa yenyewe ina makali yake!

Fikiria mfereji wa kumwagilia nyanya na vitunguu shambani. Umekauka wiki nyingi, kingo zimepasuka. Mtu akifungua maji yote kwa mkupuo, maji yanabomoa kingo, yanabeba udongo, na mengine hayafiki kwenye miche. Maji tunayahitaji, bila maji shamba limekufa, lakini kurudi kwake kwa ghafla kunaleta hasara.

Ndani ya seli ya moyo mambo yanakwenda hivi. Wakati mshipa umezibwa, seli inajaa asidi na chumvichumvi zake zinavurugika. Damu ikirudi ghafla, oksijeni inazalisha kemikali kali zinazounguza kuta za seli. Kalisi inafurika ndani na nyuzi za msuli zinajikaza mpaka zinakatika. Mitokondria, ambazo ni kama jiko la kila seli, zinatobolewa matundu, na jiko likizimika seli inakufa. Chembe nyeupe za damu nazo zinakimbilia pale na kuongeza uvimbe. Pengine mshipa mkubwa umefunguka vizuri lakini vishipa vidogo mbele yake vimeziba, damu haipiti. Na wakati mwingine moyo unapiga ovyo ovyo saa ile ile damu inaporudi, ndiyo maana mgonjwa huwekwa kwenye mashine na kuangaliwa kwa karibu. Baadhi ya watafiti wamekadiria kwamba madhara haya ya kurudi kwa damu yanaweza kufikia nusu ya uharibifu wote unaobaki mwishoni.

DAWA YAKE IKO WAPI?

Hapa ndipo sayansi inapotufundisha unyenyekevu. Mwaka 1986 Jennings na wenzake waliona jambo la kushangaza. Waliziba mshipa wa moyo wa mbwa kwa dakika 5, wakaufungua dakika 5, wakarudia hivyo mara nne, kisha wakauziba dakika 40. Moyo ulioandaliwa hivyo uliharibika kiasi cha robo tu ya ule ambao haukuandaliwa. Yaani moyo uliozoeshwa shida kidogo kidogo ulistahimili shida kubwa. Mwaka 2003 watafiti wengine, pia kwa mbwa, wakaonyesha kwamba kuirudisha damu kwa kusitasita, ikaja na kuzuiwa kwa sekunde chache, kunapunguza madhara.

Watu wakajaa matumaini. Ikajaribiwa dawa ya saiklosporini ili kulinda yale majiko ya seli. Mwaka 2008 wagonjwa 58 walionyesha dalili njema. Lakini mwaka 2015, ilipojaribiwa kwa wagonjwa 970, haikuonekana faida. Ukajaribiwa mpira wa kupimia presha, unaobana mkono na kuuachia mara kadhaa ili mwili uuandae moyo. Mwaka 2019 matokeo ya wagonjwa zaidi ya 5,000 wa Ulaya yakatoka: hakuna tofauti.

Kwa hivyo mpaka leo haijapatikana dawa maalumu iliyothibitika kuzuia madhara hayo kwa binadamu. Lakini nisikilize vizuri hapa, usije ukaondoka na maana ya kinyume. Mtu asikuambie kwamba kwa kuwa damu ikirudi inadhuru, basi bora kungoja. La hasha! Mshipa ulioachwa umezibwa unaua zaidi, bila shaka yoyote. Madhara ya kurudi kwa damu ni hasara ndani ya faida kubwa. Na kinga kubwa inayojulikana ni ile ile: kuzibua mapema. Seli zikikaa na njaa muda mfupi, hata maji yakirudi kingo zake bado ni imara.

MZEE NA KALAMU ZAKE

Turudi kwa tabibu wetu. Kule Kairo alipanda cheo mpaka akawa mkuu wa matabibu wa Misri, na alikuwa tabibu wa Sultani Baybars. Lakini cheo hakikumlaza. Inasimuliwa kwamba alipotaka kuandika aliwekewa kalamu zilizochongwa tayari, akageukia ukutani na kuandika kutoka kichwani mwake bila kufungua kitabu. Kalamu ikiisha makali aliitupa na kuchukua nyingine, asije akapoteza wakati kuichonga. Inasimuliwa pia kwamba siku moja alikuwa hamamuni anaoga. Katikati ya kuoga akatoka, akaagiza wino, kalamu na karatasi, akaketi kuandika risala nzima juu ya mapigo ya mshipa. Alipomaliza akarudi kumalizia kuoga!

Alipanga kuandika kamusi kubwa ya tiba, al-Shamil, ya juzuu 300. Alikamilisha 80. Muhtasari wake wa al-Qanun ulisomwa na wanafunzi kwa karne nyingi.

Alifariki Kairo mwezi Dhulqaada mwaka 687 Hijria, yaani Disemba 1288, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Katika maradhi yake ya mwisho matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kama dawa. Alikataa, hakutaka kukutana na Mola wake akiwa na kitu hicho tumboni. Nyumba yake na maktaba yake yote aliziacha wakfu kwa hospitali ya al-Mansuri, aliyoijenga Sultani Qalawun na kukamilika mwaka 1284. Mali yake ikawa ya wagonjwa na wanafunzi.

Halafu ile habari ya moyo ikasahaulika. Tumeulizwa mara nyingi kwa nini hatumjui. Sababu moja ni kwamba kitabu kilikaa kabatini. Mpaka mwaka 1924, daktari kijana wa Kimisri aitwaye Muhyi al-Din al-Tatawi, akisoma Ujerumani, aliukuta mswada wa sherehe ile katika maktaba ya Berlin, akauandikia tasnifu yake. Karibu karne saba baadaye!

WEWE NA MIMI HAPA ILLASIT

Sasa lile nililokuahidi mwanzoni. Kosa la Jalinus lilidumu miaka elfu kwa sababu watu walilirithi na hawakulipima. Na sisi majumbani mwetu tuna letu la kurithi. Mzee anashika kifua baada ya futari, anatoka jasho baridi, nasi tunasema ni gesi tu, ni zile bhajia, ni vidonda vya tumbo. Mpe maziwa, mpe tangawizi, alale, asubuhi tutaona. Pengine kweli ni gesi. Lakini je, kama siyo?

Zijue dalili. Kifua kinabana kana kwamba kimekaliwa na kitu kizito, kwa dakika nyingi. Maumivu yanakwenda mkononi, hasa wa kushoto, au shingoni, tayani, mgongoni. Jasho baridi, kichefuchefu, pumzi kukatika. Kina mama, wazee na wenye sukari wakati mwingine hawapati maumivu makali, wanachoka ghafla na kukosa pumzi tu.

Ukiziona, usingoje asubuhi. Usimwache atembee kwa miguu wala aendeshe gari mwenyewe. Tafuta gari, mfikishe hospitali ya karibu, uwaambie waziwazi kwamba unahofia moyo na uombe apimwe umeme wa moyo. Kipimo hicho ni cha dakika chache. Kutoka hapa mpaka Nairobi ni zaidi ya kilomita 200. Kwa ajili hiyo swali la kuuliza mapema ni hili: je, apewe dawa ya kuyeyusha damu hapa kwanza, au asafirishwe kwenda kuzibuliwa? Daktari ndiye wa kuamua, lakini hawezi kuamua juu ya mgonjwa aliyebaki nyumbani. Afrika Mashariki kazi hii ya kuzibua mishipa inafanyika, Nairobi na pia Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015.

Na kama mgonjwa amefunga, saumu isimfanye akatae dawa. Allah (S.W.) mwenyewe amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na dini yetu haimtaki mtu ajiangamize. Aliye na maradhi ya moyo, presha au sukari amuone daktari wake kabla ya kuanza kufunga. Asikate dawa zake kimyakimya eti anatafuta thawabu.

Wewe kijana, acha sigara leo, usingoje Shawwal. Mpime mama yako presha. Futari iwe na matunda na mboga, siyo mafuta matupu na chumvi. Na kama una kichwa cha sayansi, soma! Lile fumbo la damu inaporudi bado halijateguliwa. Ibn al-Nafis alikuwa na miaka 29 alipoandika lile lake. Huenda atakayelitegua hili sasa hivi yuko darasa la sita Illasit, anahesabu dakika zilizobaki afuturu.

Tunamuomba Allah amrehemu Ibn al-Nafis, awaponye wagonjwa wetu, na azikubali saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Kareem.